Msaada: Pentax K1000 ya baba mdogo inameza theluthi ya picha upande wa kulia

#1 Kibirizi Juu

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Naomba wajuvi wa kamera za mkanda mnisaidie kabla sijafanya ujinga, maana bisibisi tayari iko mezani.

Kamera ni Pentax K1000, lenzi ya 50mm f/2. Ilikuwa ya baba yangu mdogo, aliyekuwa na studio hapa Mwanga, zile za pazia lililochorwa minazi na ndege inatua nyuma ya minazi. Watu wengi wa rika la mama yangu hapa mjini, picha zao za harusi zimepita humu. Alipofunga studio aliifungia kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyake, akafariki ikiwa humo. Mwaka huu shangazi akanikabidhi: "Chukua, wewe ndiye mwenye wazimu wa picha."

Nikaagiza mkanda mweusi na mweupe wa 400 (namba ya wepesi wake kushika mwanga) kutoka Dar, nikadamka kwenda Kibirizi. Usiku uliopita giza lilikuwa zuri, mitumbwi ilirudi imejaa, dagaa wameanikwa mpaka huoni mchanga. Nimepiga mkanda mzima, zingine nikamalizia stesheni ya reli. Picha nimezisafisha mwenyewe bafuni.

Sasa tatizo. Zile nilizopiga kwa spidi ya 1/1000 ya sekunde zote zina giza upande wa kulia, karibu theluthi ya picha. Sisemi kivuli, nasema giza. Kuna mama anageuza dagaa kwa fagio, ndiyo picha niliyoitaka kuliko zote, yeye yupo, fagio limemezwa. Za 1/500 hazijakatika, ila kadiri jicho linavyokwenda kulia ndivyo picha inavyozidi kuwa nzito. Za ndani ya stesheni, 1/60 na 1/30, safi kabisa.

Fundi mmoja hapa mjini ameishika kama sekunde kumi akasema: "Springi imelegea, niachie nikaze, elfu arobaini." Sijamwachia.

Nawasilisha.

#2 Simu Tatu

Badili betri mkuu. Kamera za zamani betri ikichoka zinafanya mambo ya ajabu sana.

#3 Mgebuka Mkavu

Uza hiyo, nunua simu yenye kamera tatu. Nimekaa pale nasubiri matusi.

#4 Chumba Cheusi

Mwacheni kijana na betri. K1000 ina betri moja tu, kale ka kifungo ka LR44 chini, na kazi yake ni kupima mwanga: ile sindano inayopanda na kushuka pembeni ukichungulia. Basi. Shata yake, yaani mlango unaoruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, inaendeshwa kwa vyuma na springi vitupu. Itoe betri, kamera itapiga sekunde nzima na itapiga 1/1000 vilevile. Hiyo ndiyo sababu ilianza kutengenezwa 1976 na bado ikawa inatengenezwa mpaka 1997, wakati wenzake wamejaa umeme tumboni.

Halafu kijana, kwa kuwa betri imetajwa: K1000 haina swichi ya kuzimia. Usipoifunika lenzi kifuniko, kipimo kinakula betri usiku kucha. Hilo ni la pembeni.

Nakuandikia kutoka Tabora. Nilifanya kazi ya studio huku miaka mingi, nikafunga pale watu walipoanza kuja na simu kuomba "nitolee tu hii". Nijibu kwanza, tena uende ukaangalie, usijibu kwa kukumbuka.

Negativu yenyewe, upande ule wenye giza, ikoje? Na zile namba ndogo za pembeni mwa mkanda, mahali hapohapo, zinasomeka? Ukingo wa giza umesimama wima au umelala? Ulitumia flashi hata kwenye picha moja?

Usiguse bisibisi.

#5 Kibirizi Juu

Shikamoo mzee. Nimeitoa negativu nikaiweka dirishani.

Upande ule mkanda ni kioo kitupu, naona mpaka kidole changu upande wa pili. Namba za pembeni zinasomeka vizuri, nyeusi kabisa. Ukingo umesimama wima, ila haujakatwa kama kwa wembe, umefifia kama upana wa njiti ya kiberiti. Flashi sina, lilikuwa jua la Kibirizi tu.

#6 Chumba Cheusi

Marahaba. Umenirahisishia.

Namba zimetoka nyeusi, maana yake dawa zako ziko sawa na mkanda si mbovu. Negativu ni kioo kitupu, maana yake pale mwanga haukufika kabisa. Ingekuwa mwanga unapenya mahali, kwa mfano sponji za mgongo zimeoza, negativu ingekuwa nyeusi na picha nyeupe, yaani kinyume cha hicho ulichonacho. Kingekuwa kile kioo cha ndani kinachoruka ndicho kinachelewa kupanda, giza lingelala, lisingesimama. Na ingekuwa lenzi, isingechagua 1/1000 ikaiacha 1/60.

Umebaki na mtuhumiwa mmoja: mapazia.

Fungua mgongo (kamera iwe haina mkanda), vuta mkono wa kusogezea filamu taratibu. Utaona kitambaa cheusi kinatembea kutoka kushoto kwenda kulia. Hiyo ni hariri iliyopakwa mpira. Yako mawili. Ukibonyeza, pazia la kwanza linakimbia kurudi kushoto, linafungua dirisha. La pili linalifuata, linafunga. Kwenye spidi ndogo, la kwanza linafika mwisho ndipo la pili linaondoka, kwa hiyo kuna wakati dirisha lote liko wazi. Kwa K1000 mwisho wa hali hiyo ni 1/60, ndiyo maana flashi inapigwa hapo au chini yake. Ukipanda zaidi, la pili linaondoka la kwanza likiwa bado njiani. Dirisha halifunguki lote, unapita mwanya tu.

Sasa wewe mtu wa Kigoma nikupe mfano wa reli. Treni ya kwanza imetoka Kigoma imechoka, ya pili imetoka nyuma yake kidogo ina nguvu. Wakifika Uvinza bado kuna nafasi katikati. Kaliua wamekaribiana. Kabla ya Urambo ya nyuma imeshaibusu ya mbele, na kuanzia hapo mpaka Tabora hakuna nafasi tena. Hiyo sehemu ya Urambo mpaka Tabora ndiyo fagio la mama wa dagaa.

#7 Mgebuka Mkavu

Mzee wa Tabora hapo umeua. Natengua kauli yangu ya simu.

#8 Kibirizi Juu

Mzee nimekuelewa, ila moja linanisumbua. Umesema pazia linakimbia kuelekea kushoto, yaani mwisho wa safari ni kushoto. Mbona giza langu liko kulia?

#9 Binti Ujiji

Naomba nimpokee mzee hapo, mimi nafundisha fizikia.

Kushoto anakosema ni ukiwa umetazama kamera kwa nyuma. Lenzi inaigeuza picha juu chini na kushoto kulia. Kilicho kulia kwako pale Kibirizi kinatua upande wa kushoto wa dirisha la filamu. Kwa hiyo mwisho wa safari ya pazia ni kulia kwa picha. Inalingana kabisa.

Na hiyo inamtofautisha na kosa la flashi. Ungepiga flashi kwa 1/125, flashi inawaka pazia la kwanza linapofika mwisho, wakati la pili limeshafunika mwanzo wa safari. Giza lingekaa kushoto. Watu wengi wanachanganya haya mawili, wanapeleka kamera kwa fundi kumbe kosa ni spidi waliyoweka.

Hesabu sasa, maana huenda mtu akauliza kwa nini 1/60 ni safi. Dirisha lina upana wa milimita 36. Pazia linalivuka kwa muda usiozidi sehemu ya 1/60 ya sekunde, yaani chini kidogo ya milisekunde 17. Tuseme 14. Kwa mwendo huo, mwanya wa 1/1000 ni milimita mbili na nusu hivi. Mbili na nusu! Pazia la kwanza likichelewa milisekunde moja tu katika safari yote, mwanya wa 1/1000 unakufa ukifika mwisho. Kwenye 1/500 ulikuwa na milisekunde mbili, unabaki na moja, picha inakuwa nzito upande huo. Kwenye 1/125 ulikuwa na nane, unabaki na saba, nani ataona? Kwenye 1/60 hata usiulize.

Kibirizi Juu, ulivyoeleza picha zako za 1/500 ndivyo hesabu inavyotaka. Kamera yako haiongopi.

#10 Simu Tatu

Sasa si ndiyo hiyo fundi aliyoisema? Springi imelegea, akaze. Elfu arobaini mnaizungusha uzi mzima.

#11 Chumba Cheusi

Hapana, na hapa ndipo kamera nyingi zilipofia.

Fundi aliona pazia la kwanza linachelewa, akasema springi. Inawezekana. Lakini kwa kamera iliyokaa sandukuni miaka, kinachochelewesha pazia kwanza ni uchafu: mafuta yaliyoganda kwenye ncha za roli, vile vijiti vinavyokunja mapazia. Ukikaza springi juu ya uchafu, pazia litakimbia, ndiyo. Litakimbia miezi miwili. Uchafu bado upo, unaendelea kuganda, nawe unakaza tena. Unafika mahali springi imefika mwisho na kitambaa kinavutwa kuliko kilivyoundwa kuvutwa, kinaachia gundi kwenye utepe. Hapo hukazi tena, unatafuta kamera nyingine.

Safisha kwanza. Springi ni ya mwisho, na mara nyingi huifikii.

Na ukikaza pazia moja unabadilisha spidi zote, hata zile zilizokuwa nzuri. Bila kipimo unapapasa.

Kijana, nikuulize lingine. Baba yako mdogo aliitunzaje? Alikuwa anaitia mafuta?

#12 Kibirizi Juu

Mzee umeniogopesha. Nimempigia shangazi. Maneno yake: "Alikuwa anaitia mafuta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, yale yale ya cherehani yangu. Alikuwa ananimalizia kichupa."

Kila Ijumaa. Ya cherehani.

#13 Mgebuka Mkavu

Innalillahi.

#14 Chumba Cheusi

Usimlaumu marehemu. Sote tulifanya hivyo. Kitu kikilia, tia mafuta, nani alitufundisha vingine? Cherehani inaoga mafuta kwa sababu inayatema na unayafuta. Kamera haiyatemi. Yanakaa, yanashika vumbi, yanageuka ulimbo.

Na mtu asije hapa akataja dawa za kupuliza za kulegezea nati. Ukipulizia humo inatambaa mpaka kwenye kitambaa na kwenye kioo.

#15 Reli ya Kati

Mafuta hayohayo lakini yaliiokoa Liemba, meli yetu ya ziwani, jamani, tusiyatukane sana. Wajerumani walipoizamisha 1916 walizipaka mashine grisi nzito kwanza. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka chini ya maji. Wewe kamera imekaa sandukuni kwenye vyeti unatafuta msaada mtandaoni.

#16 Kibirizi Juu

Liemba haina pazia la milimita mbili na nusu kaka.

#17 Binti Ujiji

Kabla hujafungua chochote, pima. Una TV ya chogo?

Sitanii. TV ya chogo ni kipimo cha shata ambacho watu wametupa jalalani. Hizi zetu huchora picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, mistari 15,625 kila sekunde. Ni saa. Ikiwa shata iko wazi 1/1000, kila sehemu ya dirisha inaona kama mistari 15 au 16 tu. 1/500 ni 31. Huhitaji chaneli yoyote, hata ule mchele wa bila antena unatosha, ila kioo cheupe ni bora. TV bapa hazifai kwa hili, zinawaka kwa namna nyingine.

Zima taa. Kamera kwenye kitako imara, lenzi iwe f/2, yaani wazi kabisa, ilenge TV mpaka ionekane kali. Fungua mgongo, bandika kipande cha karatasi ya kuchorea ramani juu ya reli za filamu, kwa utepe, kisiguse kitambaa cha pazia. Weka simu nyuma yake kwenye hali ya kuchagua mwenyewe, sekunde moja. Bonyeza simu, kisha shata katikati ya hiyo sekunde.

Kwa sababu pazia linatembea kwa ubavu huku TV ikichora kwenda chini, utapata ukanda wa mwanga ulioinama mshazari. Shata nzima, ukanda una unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Shata yako nadhani utaona mkia wa panya.

Kwa spidi za polepole tumia video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde. Sekunde moja ihesabu fremu 240. Ikifika 1/30 ni fremu nane, bado unaweza. Zaidi ya hapo simu haiambulii kitu.

#18 Kibirizi Juu

Mrejesho.

TV ya chogo nimeipata kwa mama mmoja muuza maandazi jirani, iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilipomweleza nataka kuipiga picha kwa kamera isiyo na mkanda, gizani, akaniangalia sana. Akakubali kwa sharti nisihamishe kitambaa. Umeme ukakatika nikiwa nimeweka kila kitu sawa. Nimerudi usiku wa pili.

Dada Binti Ujiji, mkia wa panya ndiyo wenyewe. Kwenye 1/1000 ukanda unaanza mnene, unakonda, unapotea kabisa kabla ya kufika upande wa pili. Kwenye karatasi umekufa kushoto, kama ulivyosema. 1/500 unafika mwisho ila umebaki kama uzi. 1/250 unakonda kidogo. 1/125 sioni tofauti.

Nikapiga shata mara 150 bila mkanda, nikapima tena. Mkia umerefuka! Haujafika, lakini ulikuwa unafia theluthi ya mwisho, sasa unafia karibu na ukingo. Nikaiacha mpaka asubuhi, nikapima tena, umerudi nyuma.

#19 Chumba Cheusi

Hayo ni mafuta. Springi iliyolegea haichangamki kwa mazoezi halafu ikalala usiku. Ulimbo ndio unapashwa, unalainika, ukitulia unashika tena.

Nenda kwa fundi saa, usiende kwa fundi simu. Fundi saa anaelewa maana ya tone. Mwambie maneno haya: skrubu za Kijapani, bisibisi ya nyota ya kawaida inakula vichwa, tafuta inayokaa yenyewe bila kubonyezwa. Afungue bamba la chini tu. Juu asiguse. Springi za mapazia zina mahali pa kurekebishia hapohapo chini, azitazame kwa macho, asizisogeze hata jino moja. Asafishe ncha za roli kwa kijiti kilichochongwa, kimelowana petroli safi ya viberiti vya utambi, kimelowana tu, kisidondoke. Petroli ikifika kwenye pazia inakula mpira wake. Anasafisha, anapiga shata, anafuta kilichotoka, anarudia. Mpaka kijiti kitoke cheupe.

Uwe umekaa pembeni yake.

#20 Kibirizi Juu

Nimekaa pembeni yake kwa muda wa saa tatu na robo.

Ni mzee wa sokoni Mwanga, meza yake haizidi sinia, miwani ameifunga kwa uzi wa dagaa. Alipoondoa bamba la chini akainusa kamera kabla ya kuiangalia. Akasema, "Cherehani." Hajasoma uzi huu.

Ndani palikuwa na rangi ya asali ya Tabora (samahani mzee). Kwenye ncha ya roli moja palikuwa na pete ya kahawia, ameikwangua kwa kijiti ikatoka kama ukoko wa ugali, nyembamba, imejikunja. Ndani ya pete hiyo kulikuwa na nyuzi za pamba. Nadhani ni za kitambaa cha cherehani cha shangazi, sijui kingine kinachotia pamba mle.

Alibadilisha vijiti kumi na saba. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Mwishoni akachovya ncha ya sindano kwenye mafuta yake ya saa, akaigusisha mahali pawili, nikamuuliza mbona hayaonekani, akasema yakionekana yamezidi.

Springi hakugusa. Amenitoza elfu kumi na tano na chai.

Nimerudi kwa mama wa maandazi. 1/1000: ukanda unafika mwisho! Unakonda kidogo ukielekea ukingoni, ila unafika. 1/500 siwezi kuutofautisha mwanzo na mwisho.

Swali kwa mzee: huko kukonda kulikobaki, nikaze springi ya pazia la kwanza kidogo tu, robo ya robo?

#21 Chumba Cheusi

Hapana.

#22 Binti Ujiji

Mzee amemaliza lakini niongeze sababu. Kamera yenye umri huu, 1/1000 yake hata ilipotoka kiwandani haikuwa sawa kabisa, ilikuwa na kosa dogo la kuvumiliwa. Mkanda mweusi na mweupe unavumilia zaidi ya hapo. Ukikaza bila kifaa cha kupimia pande zote mbili za dirisha, unaweza kulitibu kulia ukaliua kushoto.

Nikipata nafasi nitakutengenezea kipimo: vihisi mwanga viwili, kimoja kila upande, taa nyuma, vinarekodi kwenye laini ya sauti ya kompyuta. Tukiwa nacho ndipo tuzungumze springi.

Wakati huohuo, jua la mchana Kigoma na mkanda wa 100, unapiga f/16 kwa 1/125 na hujaigusa 1/1000. Ulinunua 400 ndiyo maana ulilazimika kupanda huko.

#23 Simu Tatu

Nakiri nilikosea ya betri. Lakini sasa mimi nina Yashica Electro 35 ya marehemu babu, hii nayo haipigi vizuri, betri haihusiki?

#24 Chumba Cheusi

Hiyo betri inahusika mwanangu. Ile shata yake inaongozwa kwa umeme. Fungua uzi wako, hapa tutachanganya.

#25 Mgebuka Mkavu

Hahahaaa Simu Tatu leo huna bahati.

#26 Reli ya Kati

Na kuihifadhi je? Hapa ziwani unyevu ni mwingi, mimi lenzi yangu imeota ukungu kama mkate.

#27 Chumba Cheusi

Usiifungie kwenye ngozi yake ya asili, ngozi inashika unyevu. Iweke mahali penye hewa, na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usiiweke kwenye mchele, nimeona watu wanashauri, mchele una vumbi lake. Na usiiache imevutwa mkono ikalala hivyo miezi, springi zinakaa zimejivuta. Ipige hata mara kumi kwa wiki bila mkanda, kwenye spidi zote. Zile za sekunde nzima na nusu sekunde zina magurudumu yake ya kuchelewesha, nayo yanaganda yasipotembea.

Mkiona kioo cha ndani kinanata kikirudi, angalieni sponji nyembamba ya juu kinapogonga. Ikizeeka inakuwa kama lami. Inatolewa kwa kijiti na spiriti, inawekwa mpya. Hiyo hata mtoto anaweza.

#28 Kibirizi Juu

Mrejesho wa mwisho wakuu.

Nilisubiri mbalamwezi ipite, maana mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaingii na dagaa hakuna. Jana nimerudi Kibirizi na mkanda uleule wa 400, makusudi, 1/1000 na f/11. Nimemkuta mama yuleyule. Nilimwambia mara ya kwanza fagio halikutoka, akacheka akaliinua juu kabisa, nikamwambia hapana mama, geuza tu dagaa kama kawaida.

Limetoka. Mti, nyuzi, na vumbi la magamba linaloruka mbele yake. Ukingo wa kulia ni mzito kidogo kuliko kushoto, ukijua unauona, usipojua hujui. Nyuma kabisa, milima ya Kongo.

Nimechapisha moja kubwa nikampelekea shangazi. Ameishika muda mrefu, ameileta karibu na macho, akaipeleka mbali.

Akauliza mbona haina rangi.